Mkono wa Mkasi Ulipolala

Asubuhi moja ninaikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, ingawa siku ile hakuna aliyezaliwa wala aliyekufa. Aliyechinjwa ni tausi, na tausi mwenyewe alikuwa wa kitambaa.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa fundi wa kushona hapa Kasongo, na meza yangu ilikuwa kwenye baraza ya duka moja karibu na soko, kati ya muuza chumvi na rafiki yangu Feruzi, aliyekuwa akitengeneza redio. Ulikuwa mwezi wa pili. Wewe umekulia hapa, unajua mwezi wa pili una maana gani kwa fundi. Tarehe nane ya mwezi wa tatu ni siku ya wanawake. Kila chama kinapita barabarani na kikwembe chake, kitenge cha sare, na kila kikwembe lazima kwanza kipite mezani kwa mtu. Chama cha Mama Mwamini, aliyeuza mchele na mafuta ya mawese na ambaye mji mzima ulimwita Prezida, kilikuwa kimenikabidhi nguo thelathini na mbili. Zote za bluu, zote zina tausi mkubwa mgongoni.

Nilianza na kikwembe cha Prezida mwenyewe. Nilikitandaza, nikakipima mara mbili, nikapitisha chaki, nikashika mkasi. Nilipofika katikati, vidole vyangu vikalala. Sisemi vilichoka. Vililala, kama mguu unavyolala ukiukalia vibaya, vikabaki kama vidole vya mtu mwingine nilivyoazimwa. Mkasi ukaenda kushoto na kupita shingoni mwa tausi, safi kabisa, kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Mama Mwamini alikuwa amesimama papo hapo, kwa sababu hakuwa mtu wa kukiacha kitambaa chake peke yake na fundi.

"Fundi Amisi! Umemuchinja tausi yangu!"

"Prezida, mukono wangu..."

"Na ata bismillahi haukusema!"

Feruzi aliinua kichwa kutoka kwenye redio yake, akatazama kitambaa kwa makini, akasema, "Basi hiyo ni kibudu, Mama. Mwislamu hawezi kuivaa."

Soko lilicheka. Mimi nilicheka pia, maana kijana hapendi kuonekana ameogopa. Lakini chini ya meza nilikuwa nikiukunja na kuukunjua ule mkono wa kulia, nikingoja urudi. Ulichukua muda kurudi. Na nilijua kitu ambacho wao hawakujua: haikuwa mara ya kwanza.

Nikueleze kidogo tabia yangu ya wakati ule, ili makosa yangu uyaone yalikotoka. Shule niliishia darasa la sita, lakini sikuacha kusoma. Karatasi iliyofungia sukari niliisoma pande zote mbili kabla ya kuitupa. Nilikuwa na kaye, daftari la mistari, na kila jambo nililiandika humo kwa utaratibu, nikaamini kwamba jambo likishaandikwa limekwisha kutii. Kwa hiyo na ugonjwa wangu niliuandika. Niliandika kwamba kidole gumba kinalala, cha pili kinalala, cha katikati kinalala sana, cha nne kinalala upande mmoja tu, na kidole kidogo hakina habari. Niliandika kwamba usiku mkono unaniamsha kwa kuwaka moto, nami nautikisa hadi utulie. Hilo la kutikisa aliliongeza mke wangu Salima, kwa sababu ndiye aliyepigwa nao.

Maelezo yale, mwanangu, yalikuwa sahihi. Daktari angeyasifu. Lakini niliyapeleka kwa Feruzi.

Feruzi aliyasoma yote, akaurudisha mkono wangu mezani polepole kama kitu cha hatari. "Amisi, umesalimiwa vibaya. Mutu fulani alikuwa na kitu katika kiganja, akakupatia mukono, na wewe ukapokea. Fikiri. Nani alikushika mukono siku hizi?"

Nilifikiri, tena kwa kaye. Niliandika kila mtu aliyenipa mkono kwa siku nne zilizopita. Wewe unajua salamu za hapa kwetu. Mtu hakupi mkono na kuondoka, anaushika mpaka habari zote ziishe. Nilipofika jina la themanini na sita niliacha. Walikuwemo wakwe, wateja, watu waliotoka Nyangwe na samaki, muuza chumvi kila asubuhi na kila jioni, na Feruzi mwenyewe, ambaye nilimwandika mara mbili.

"Mimi unitoe," alisema.

"Kwa ushahidi gani?"

"Ningetaka kukuloga ningeloga mashini yako. Inafanya kelele kushinda wewe."

Nikaona hakuna njia ya kumpata mtu kati ya themanini na sita. Nikaamua kujikinga badala ya kutafuta: tangu siku ile sitampa mtu kiganja. Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani haliwezi kufanyika ila huku kwetu. Ukikutwa unakula, au mkono wako una matope ya shamba, humnyimi mtu salamu. Unakunja ngumi kidogo na kumnyoshea kifundo cha mkono, naye anakushika hapo, na heshima inabaki palepale. Basi mimi nikawa kila nikisalimiwa nanyosha kifundo. Watu walidhani nimetoka kula. Walinishika kwenye kifundo kwa nguvu na mapenzi, wakakitikisa kwa muda wote wa habari za nyumbani, habari za watoto, habari za mpunga kule Wamaza, na mvua, na barabara ilivyoharibika. Mtu mmoja aliyerudi kutoka machimbo ya Salamabila, mwenye mkono kama koleo, alinitikisa hivyo huku akinieleza historia ya shimo lake tangu udongo wa juu.

Baada ya siku tatu za kujikinga namna hiyo sikuweza kufunga vifungo vya shati langu.

Aliyeniokoa alikuwa Mama Mwamini. Alikuja kuuliza habari za nguo, akanikuta nikivuta uzi kwa meno. Alifunga kitambaa chake vizuri kichwani, jambo alilolifanya kabla ya kugombana na watu wa ushuru, akasema, "Simama. Tunaenda kwa Mama Vero."

"Ni mganga?"

"Ni kine, pale hospitali. Magoti yangu ilikuwa inalia kama mulango ya zamani. Ule mama aliyafundisha adabu."

Kine, kama hujawahi kumhitaji na Mungu akujalie usimhitaji, ni mtu anayetibu viungo kwa mikono yake na kwa mazoezi, bila sindano. Mama Vero alikuwa mzaliwa wa upande wa Kabambare, mfupi, mwenye sauti ya chini na vidole ambavyo vingeweza kufungua kopo bila kisu. Chumba chake kilikuwa na kitanda kimoja, kiti kimoja, na bango la mtu asiye na ngozi. Nilimnyoshea kifundo cha mkono kwa heshima. Alikitazama tu.

"Nani alikufundisha kusalimia namna hii na mukono mugonjwa?"

"Ni mimi mwenyewe, Mama."

"Naona."

Alisoma kaye yangu yote, akatingisha kichwa polepole, nikajua amependa. Kisha akanigonga kwa ncha ya kidole katikati ya kifundo, na umeme ukaenda mpaka kwenye kidole cha katikati. Nikaruka. Akaniambia niinue mikono mbele ya kifua, nigeuze migongo ya viganja ishikane, vidole vitazame chini, nikae hivyo kwa dakika moja. Mimi nikadhani ni sala ya kwao, nikafumba macho kwa adabu.

"Fungua macho, Fundi. Haiko maombi. Sema tu vidole vinasema nini."

"Vinalala, Mama."

"Gani?"

"Vilevile vya kwenye kaye."

Akaketi kwenye kitanda, akanieleza. Mengi nimeyasoma baadaye katika vitabu, lakini hakuna kitabu kilichonieleza vizuri kama yeye, kwa sababu alinieleza kwa kazi yangu. Alisema, "Ukishona suruali ya kamba, unafanya kunjo pale kiunoni, na kamba inapita ndani. Kama kunjo ni pana, kamba inateleza. Sasa weka ndani ya lile kunjo kamba kumi. Itakuwa nini?"

"Zitabanana."

"Na moja kati yao iko laini kama uzi wa hariri. Nani ataumia?"

"Hiyo ya hariri."

"Basi. Hapa kwenye kifundo iko kunjo. Kano tisa zinapita, zile zinazovuta vidole, na mushipa mumoja wa hisia. Wewe unakata, unakata, unakunja mukono, kano zinavimba, mushipa unabanwa. Hakuna mutu aliyekuloga. Ni wewe na mukasi yako."

Sikuwa nimemtajia kulogwa. Nilimtazama Mama Mwamini. Mama Mwamini alitazama bango la mtu asiye na ngozi.

Dawa yenyewe, mwanangu, ilikuwa rahisi hata nikaidharau. Alinitengenezea atele, yaani kibao chembamba kilichofunikwa kitambaa, cha kuulaza mkono ukiwa umenyooka. Nikivae usiku, kwa sababu usiku watu tunalala tumekunja kifundo bila kujua. Akanifundisha mazoezi ya kuuteleza ule mshipa ndani ya kunjo lake: funga ngumi, nyosha vidole, rudisha kiganja nyuma kidogo, toa kidole gumba, geuza kiganja juu. Polepole, kama anayepitisha uzi kwenye sindano. Mara kumi asubuhi, mara kumi mchana, mara kumi jioni. Vidole vikianza kuwasha, acha. Mkasi upunguze. Na hayo yote kwa posho sita, ndiyo wiki sita.

"Posho sita!" nilisema. "Mama, tarehe nane iko posho tatu na nusu."

"Tarehe nane itafika tu," alisema. "Mukono ndio sijui."

Maneno yale niliyasikia. Niliyaandika hata. Lakini usiku ule nilikaa na kaye na kufanya hesabu, na hesabu ndiyo iliyotaka kunimaliza. Mara thelathini kwa siku, kwa siku arobaini na mbili, ni mara elfu moja mia mbili na sitini. Niliitazama ile namba. Nikajiambia kwamba kama uponyaji ni mazoezi elfu moja mia mbili na sitini, mwili hauwezi kujua yamefanywa kwa siku ngapi. Yagawe kwa tatu: mia nne na ishirini kwa siku. Siku ya nne niko mezani na mkasi, mzima. Nilistaajabu kwamba watu wa hospitali, pamoja na kusoma kwao kote, hawakuwa wameliona jambo hili.

Na atele nayo niliirekebisha. Usiku mkono haufanyi kazi. Kuufunga usiku ni kumtilia pingu mtu aliyelala. Nikaamua kuivaa mchana, nikikata nayo.

Salima aliuliza, "Ni Mama Vero alisema hivyo?"

"Alisema karibu hivyo."

"Karibu hivyo," alirudia, akageukia ukuta.

Asubuhi yake nilianza, nimesimama mbele ya baraza ili nipate nafasi ya mkono. Ngumi, vidole, kiganja nyuma, gumba, geuza. Nilikuwa sijafika ishirini ikasimama pikipiki. Nikamwambia mwenyewe siendi mahali. Akaondoka akinung'unika. Ikasimama ya pili. Ya tatu ilikuwa na mzigo wa ndizi na mama mmoja nyuma, nayo ikasimama, na mama akaanza kushuka ili anipishe. Kiganja kilichonyoshwa kando ya barabara ya Kasongo, mwanangu, kina maana moja tu. Nikahamia nyuma ya duka, ambako wanafunzi wa chuo cha Kurani waliniona na kupeleka habari kwamba fundi anaongea na majini kwa vidole.

Feruzi alijitolea kuhesabu. Alihesabu kwa sauti, kama anayeuza mnadani.

"Mia mbili na kumi! Mia mbili kumi na moja! Hiyo ulifanya nusu, Amisi, naiondoa!"

"Vidole vinawasha, Feruzi."

"Ni ugonjwa unatoka. Endelea. Mia mbili kumi na moja tena!"

Kati ya mazoezi nilikata nguo, nikiwa na kibao kifundoni. Kwa kuwa kifundo hakikunjiki, nilikata kutoka begani, nikizunguka meza nzima kama mtu anayelima. Wateja waliniachia nafasi.

Nilimaliza hesabu yangu jioni ya siku ya tatu, pungufu ya kumi na tano ambazo Feruzi alikataa kuzipitisha. Nikaketi. Nilitaka kushona kifungo kimoja tu, kujipima. Nikaingiza mkono kwenye bati la vifungo, nikipapasa bila kutazama, kama nilivyozoea tangu nilipojifunza kazi. Sikusikia kitu. Nilijua mkono uko ndani ya bati kwa sababu niliuona ukiingia. Nilipoutoa, sindano ilikuwa imeingia kwenye kidole cha pili, na damu ilikuwa inashuka hadi kiganjani, na mimi sikuwa na maumivu yoyote. Hata kidogo.

Feruzi aliacha kucheka. Alinichomoa ile sindano mwenyewe, akanifunga kidole kwa kipande cha kitambaa cha bluu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Sikuwa na shamba, sikuwa na duka, sikuwa na cheti. Nilikuwa na mkono ule. Fundi asiyejua kama ameshika kifungo au sindano si fundi tena. Ni mtu aliyeketi karibu na mashini.

Asubuhi nilirudi kwa Mama Vero, na kaye mkononi. Mkono wa kushoto, kwa maana wa kulia ulikuwa umevimba. Nilimwonyesha ukurasa wa hesabu: jumla, mgawanyo, alama za Feruzi, zile kumi na tano zilizokataliwa. Nadhani hata wakati ule, ndani kabisa, nilitumaini atasifu mwandiko.

Alisoma muda mrefu. Kisha akauliza, bila hasira, "Fundi, ukipitisha sindano mara moja kwenye kitambaa, unapata nini?"

"Mshono."

"Ukipitisha mara mia ine hapo hapo, siku moja?"

"Tundu," nikasema.

"Wewe mwenyewe umesema." Akaifunga kaye na kuiweka juu ya kabati, mbali nami. "Mushipa haujui kusoma. Haujui tarehe nane. Haujui kama wewe ni mutu wa akili. Unajua kitu kimoja: leo umenibana ama umeniacha nipumuzike. Mara kumi nilikuambia si kwa sababu sijui kuhesabu kufika mia ine."

"Nilitaka kupona haraka, Mama."

"Hapana. Ulitaka kumaliza. Kupona ni kitu ingine."

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, mwanangu, na sijapata sentensi iliyonikata vizuri kama ile. Akaendelea kunieleza mambo yalivyo, kwa sababu hakuwa mtu wa kumfichia mgonjwa. Nikiendelea hivi, mshipa utachoka, na nyama ya chini ya kidole gumba itaanza kupungua, na itabaki kutafuta mpasuaji, mbali na hapa, afungue kunjo kwa kisu. Nikitii, iko nafasi nzuri. Posho mbili bila mkasi kabisa. Kisha kidogo kidogo.

"Na zile nguo thelathini na mbili?"

"Chama iko na wanamuke wangapi?"

"Thelathini na wawili."

"Basi iko na mikono sitini na ine," alisema Mama Vero. "Kwa nini unatafuta kuwamalizia wote na mumoja mugonjwa?"

Kwenda kumwambia Mama Mwamini ilikuwa vigumu kuliko sindano. Nilimkuta akipima mchele. Nilimweleza yote: mkono, hesabu, atele ya mchana, na kwamba siwezi kukata nguo za chama. Nilingoja anitukane mbele ya soko, na nilikuwa nimechagua hata mahali pa kutazama.

Alimaliza kupima kwanza. "Mara ngapi kwa siku?"

"Mia nne na ishirini."

"Na ulisoma mupaka darasa la sita?"

"Ndiyo, Prezida."

"Ungefika la saba ungekufa." Kisha akaita mwenzake wa meza ya pili. "Mama Bahati! Leta mukasi yako ya nyumbani. Na uambie wengine. Kesho tunakuwa mafundi."

Walikuja kumi na mmoja siku ya kwanza, na siku ya pili sikuwahesabu. Baraza ilijaa, muuza chumvi akahamishwa. Mimi nilisimama katikati nikiwa nimefunga mkono wa kulia kifuani, nikipiga chaki kwa wa kushoto na kueleza: kata hapa, acha vidole viwili hapa, bega kabla ya mkono, usivute kitambaa, kiache kilale. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaumia, nilianza kuwatazama wanavyoshika mkasi. Nikawaambia wanyoshe kifundo. Nikainua meza kwa matofali mawili. Nikampa Feruzi mikasi yote ainoe na kuitia mafuta, kwa sababu mkasi butu unadai nguvu kutoka mkononi na haurudishi. Mambo hayo yote sikuwa nimeyafikiri kwa miaka minane ya kazi, mpaka nilipozuiwa kufanya kazi.

Usidhani walikuwa wanafunzi wapole.

"Fundi, hii mustari ni ya kukata ama ni chaki imekutoka?"

"Ni ya kukata."

"Imepinda."

"Ni mkono wa kushoto, mama."

"Basi nifuate mustari, ama nifuate akili yangu?"

"Fuata akili."

Na kwa salamu Mama Vero alikuwa amenipa njia: nisinyoshe kiganja wala kifundo, niweke mkono kifuani na kuinama kidogo. Wazee wa mtaa walinitazama kwa shaka siku mbili tatu, kisha wakasema huenda nimeongeza dini. Sikuwasahihisha.

Tarehe nane ilifika, kama alivyosema. Chama cha Mama Mwamini kilipita na nguo thelathini na mbili, na ya Prezida ilikuwa na mshono shingoni mwa tausi. Moja ilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na kwenye nyingine mbili tausi alitazama chini. Mwenye mkono mrefu alitembea ameukunja na kusema ndiyo mtindo wa Kindu. Mwaka uliofuata wanawake wawili walikuja kuuomba kwangu.

Mimi sikupita barabarani. Nilikuwa nyumbani nikifanya mara kumi za mchana. Usiku nilivaa atele, na Salima alilala bila kupigwa kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. Ngumi, vidole, kiganja, gumba, geuza; na inapowasha, acha. Kuacha ndilo zoezi gumu kati ya yote. Hakuna linaloonekana likitendeka. Siku kumi nzima niliamini Mama Vero amenidanganya kwa upole. Kisha usiku mmoja sikuamka. Kisha kidole cha nne kikarudi, nusu yake iliyopotea.

Mwisho wa posho ya sita alinikalisha kwenye kile kiti kimoja, akanifunga macho kwa kitambaa chake. Akaweka kitu kati ya kidole gumba na cha pili.

"Ni nini?"

"Kifungo. Kina matundu manne."

"Na hii?"

"Uzi. Umesokotwa mara mbili."

Nikasikia anafungua kitu. Akaniwekea kitu kidogo sana kwenye vidole, kidogo hata niliogopa kukibana. Nilikizungusha polepole. Nilisikia ncha yake, nikasikia ubavu wake, nikasikia mahali kilipovunjika.

"Mchele," nikasema.

"Mchele gani?"

"Wa Wamaza. Wa Mama Mwamini. Ule anaouza kama wa daraja la kwanza, kumbe umevunjika nusu."

Mama Vero alicheka mpaka akakaa kitandani. Mimi sikumwona akicheka, kwa sababu nilikuwa bado nimefungwa macho, na sikuwa na haraka ya kufunguliwa. Niliendelea kuizungusha ile punje.

Basi, mwanangu. Wewe hushoni, najua. Wewe, kama vijana wenzako, unaendesha pikipiki kwenda Kabambare umeubana usukani siku nzima juu ya mashimo, au unaponda mawe ya dhahabu kule Salamabila, au unaandika kwenye simu kwa kidole gumba mpaka kinakunjika chenyewe. Mkono ni uleule, na kunjo la kifundo ni lilelile. Ukiona vidole vitatu vinalala na cha nne nusu, usitafute aliyekusalimia. Nenda kwa anayejua, mapema, kabla mwili haujaanza kunyamaza. Maana maumivu bado ni maneno, lakini ganzi ni mtu aliyechoka kukuambia. Na ukipewa dawa, ichukue kwa kipimo chake. Usipunguze kwa uvivu, wala usizidishe kwa bidii, kwa sababu bidii ya kijana mwenye akili imewahi kuharibu vingi kuliko uvivu wa mjinga, na mimi ninayekuambia nilikuwa na hesabu sahihi mpaka tarakimu ya mwisho. Pumzika ulipoambiwa pumzika. Kazi ikikuzidi, waite wenye kazi yao washike mkasi. Watakucheka kidogo, na nguo zitashonwa.

Mungu akulindie mikono yako miwili, isikie kila inachokigusa: moto iukimbie, na mchele uliovunjika iutambue. Akupe mtu wa kukukemea kwa sauti ya chini, na akupe masikio ya kumsikia mara ya kwanza, si mara ya pili kama mimi. Ulale usiku kifundo kimenyooka, na anayelala karibu yako aamke salama. Amina.